Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa Afrika Mashariki: Hakuna dozi ya Mwafrika

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na wakuu wa mamlaka za dawa: TMDA ya Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, NDA ya Uganda, Rwanda FDA, na wenzenu wote wa Jumuiya.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfamasia. Nafanya kazi kaskazini mwa Tanzania, na dirishani kwangu hupita Mmeru, Mmaasai, Mchaga, Mrangi, Msomali, Mhindi, na mgeni aliyevuka Namanga asubuhi hiyohiyo. Barua nyingi mnazoandikiwa kuhusu dawa hulalamikia dawa zilizoisha stoo, dawa bandia au bei. Yangu inahusu dawa zilizopo: halali, zenye ubora, zilizosajiliwa, zikatolewa kwa dozi ileile iliyo kwenye mwongozo, kisha zikamdhuru mgonjwa au zisimsaidie kitu, kwa sababu ya jeni alizorithi kwa wazazi wake.

Ombi langu nitalisema mapema. Acheni kusajili dawa na kuandika miongozo kwa kudhani kwamba yupo mtu mmoja anayeitwa Mwafrika, ambaye akishapimwa Johannesburg au Chicago basi majibu yake yanamtosha na mtoto wa Longido, wilaya ya Wamaasai mpakani mwa Kenya. Tupimeni sisi wenyewe, tena mpime jeni. Kabila liacheni.

Nianze na huyo mtoto wa Longido.

Ipo dawa ya VVU iitwayo abakaviri. Watoto wetu wengi wanaitumia, siku hizi ikiwa imechanganywa na lamivudini na dolutegraviri ndani ya kidonge kimoja cha kuyeyusha kwenye maji. Ni dawa nzuri. Lakini kwa mtu aliyezaliwa na alama ya kinga iitwayo HLA-B*57:01, abakaviri inaweza kuamsha mzio mkali, kwa kawaida ndani ya wiki sita za mwanzo: homa, upele, kutapika, kuhara, kukohoa, kuishiwa pumzi. Ukiisimamisha, mgonjwa hupona. Ukimrudishia baadaye, mzio hurudi kwa kasi na unaweza kumuua ndani ya saa chache.

Wenzetu walilimaliza tatizo hili. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa PREDICT-1 uliohusisha karibu wagonjwa 2,000, na katika kundi lililopimwa HLA kabla ya kuanza dawa hakutokea hata mgonjwa mmoja mwenye mzio uliothibitishwa. Tangu hapo Ulaya, Australia na Marekani mgonjwa hapewi abakaviri kabla ya kipimo hicho. Kwetu hakuna kipimo, na hoja yake ni kwamba alama hiyo ni adimu kwa Waafrika. Hoja hiyo haikuokotwa barabarani. Kwenye majaribio yaliyofanyika Uganda na Zimbabwe mzio wa namna hii ulionekana mara chache sana.

Sasa tazameni. Mwaka 2010 Charles Rotimi na Lynn Jorde waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kuhusu asili za watu na magonjwa. Humo walitoa makadirio ya alama hii: kwa Wayoruba wa Nigeria sifuri; kwa Waluhya wa Kenya kama asilimia 3; kwa Wamaasai wa Kenya hiyohiyo zaidi ya asilimia 13. Rudieni kuisoma mistari hiyo. Kati ya Webuye, kwa Waluhya, na nchi ya Wamaasai ni safari ya siku moja kwa basi, na tofauti yake ni mara nne. Kiwango hicho cha Wamaasai kinazidi hata cha Wazungu, ambao kwao kipimo ni lazima.

Makadirio hayo yametokana na sampuli chache, zilizochukuliwa Webuye na Kinyawa kwa ajili ya HapMap, mradi wa kimataifa wa kuorodhesha tofauti za jeni za watu. Watu wachache wa Kinyawa hawawezi kuwasemea Wamaasai wote wa Narok, Kajiado, Ngorongoro, Simanjiro na Kiteto, na mtaalamu mwangalifu atasema kiwango halisi huenda kikashuka au kupanda. Sawa. Ndiyo maana naandika. Takwimu ya kutisha namna hiyo, inayogusa dawa tunayowapa watoto, ilistahili kuzifanya wizara mbili, ya Dodoma na ya Nairobi, zitume timu kupima damu upya pande zote mbili za mpaka. Kuna jambo jingine linaloniuma. Vinasaba vya watu wale wa Kinyawa na Webuye vimehifadhiwa katika Taasisi ya Coriell, Camden, jimbo la New Jersey. Mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuviagiza vikamfikia kwa posta. Mimi nikiwa hapa siwezi kuagiza kipimo cha HLA kwa mtoto aliye mbele yangu.

Miongozo inatuelekeza tumfundishe mzazi dalili za hatari. Tunafundisha. Lakini fikirieni mtoto wa miaka miwili aliyeanza dawa mwezi huu, akashikwa na homa, anatapika na kukohoa. Huku kwetu hiyo ni malaria, ni nimonia, ni tumbo, ni kila kitu. Mama anasimamisha dawa kwa hofu, anaenda zahanati ya karibu, anapewa dawa mseto na antibayotiki, mtoto anapata nafuu. Wiki mbili baadaye anarudi kliniki, na mhudumu anamgombeza kwa kuacha dawa kisha anamrudishia palepale alipoachia. Hapo ndipo abakaviri huua. Akifa, kwenye daftari itaandikwa nimonia. Wala sisemi kwamba inatokea kila wiki. Ninasema kwamba kwa mfumo tulionao, hata ingekuwa inatokea kila wiki, nyinyi wala mimi tusingejua.

Mtaniambia, mfamasia huyu anatutisha na jambo la kinadharia. Basi nawakumbusha lililokwisha kutupata.

Mwaka 2003 mamlaka ya Uingereza iliidhinisha dawa ya malaria iitwayo Lapdap, mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni. Ilitengenezwa kwa ajili yetu hasa, Waafrika, kwa ushirikiano wa kampuni kubwa ya dawa, Shirika la Afya Duniani, serikali ya Uingereza na vyuo. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika hapa: Kilifi, Muheza. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ilikuja wakati SP, dawa ya malaria iliyotumika wakati huo, imeshachoka mbele ya vimelea. Nia ilikuwa njema kabisa. Kisha ikajaribiwa toleo lake lililoongezwa artesuneti, kwa watoto wa nchi tano zikiwemo Kenya na Tanzania, na watafiti wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wakiwa mstari wa mbele. Ndipo ikaonekana kwamba watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD walikuwa wakipungukiwa damu vibaya baada ya dozi, wengine hadi kuongezewa. Februari 2008 Lapdap iliondolewa sokoni na toleo jipya likafia hapohapo.

G6PD ni kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Anayezaliwa na upungufu wake anaishi vizuri tu, pengine mpaka uzee, ila akimeza dawa fulani chembe hupasuka kwa wingi, mkojo unageuka mweusi, macho yanakuwa ya njano. Jeni yake ipo kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo wavulana ndio huathirika zaidi. Kwetu imeenea kwa sababu humpa mtoto kinga kiasi dhidi ya malaria, na ndiyo maana utaikuta Tanga, Kilifi na kandokando ya Ziwa zaidi kuliko milimani, ambako mbu ni wachache.

Hayo yalijulikana lini? Mwaka 1956 watafiti nchini Marekani waligundua kwamba wanaume weusi waliopasuka chembe za damu baada ya kupewa primakwini walikuwa na upungufu huo wa G6PD. Mwaka 1960 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha kuhusu upungufu huohuo kwa watu wa Afrika Mashariki. Hatari ya dapsoni kwa watu wa aina hii nayo imo kwenye vitabu vya tiba tangu enzi hizo. Yaani zaidi ya miaka 40 kabla Lapdap haijaidhinishwa, jeni ilijulikana, dawa ilijulikana, na watu wenye jeni hiyo walijulikana wanaishi wapi. Dawa ikapita vikao vyote, ikafika madukani, na swali la kipimo cha G6PD kwa mtoto wa kawaida wa kijijini likabaki bila jibu. Sasa nauliza, waheshimiwa: mezani kwenu leo, swali hilo lipo kwenye fomu ya usajili?

Sitaki kuwanyima haki pale mambo yalipokwenda vizuri. Primakwini hiyohiyo, iliyokuwa ikiogopwa, leo inatumika kuzuia malaria isiambukizwe zaidi, kwa dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi hiyo mwaka 2012, itolewe bila kupima G6PD, kwa sababu ushahidi ulionyesha kiasi hicho hakiwadhuru wenye upungufu. Jeni ilizingatiwa, dozi ikapangwa kwayo. Ilihitaji watu kukaa chini na kupiga hesabu, basi.

Niongeze jambo dogo kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mombasa. Upungufu wa G6PD hauna sura moja. Ule ulioenea kwa Waafrika ni wa wastani. Ule wa Bahari ya Kati, ambao ni wa kawaida Oman, ni mkali zaidi. Familia zenye damu ya pande zote mbili za bahari zipo tele visiwani na pwani, na mtu wa familia hiyo anaweza kubeba wa huku au wa kule. Dozi iliyo salama kwa upungufu mmoja isichukuliwe kuwa salama kwa mwingine bila kuangalia.

Kisa kingine mnakijua, maana kiliwapitia mamilioni ya wagonjwa wetu: efavirenzi, dawa ya VVU, ile E ya kwenye kidonge cha mseto cha TLE. Kwa miaka mingi ndicho kilikuwa kidonge cha kila jioni kwenye CTC, kliniki zetu za VVU. Na kwa muda wote huo wagonjwa walituambia: naota ndoto za kutisha, naamka kama nimelewa, naona watu ambao hawapo, nina huzuni isiyo na sababu. Wahudumu tulijibu kwa sentensi tuliyofundishwa: vumilia, itaisha baada ya wiki chache. Wengine iliisha. Wengine walivumilia mwaka mzima. Wengine waliacha dawa kimya kimya na tukawaandika watoro.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Ini ni kama mashine ya kusaga, na jeni ndizo zinazopanga kasi yake. Efavirenzi husagwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Mtu aliyerithi toleo la pole kwa baba na kwa mama, mashine yake inasuasua, na kila jioni anamwagiwa gunia jingine juu ya lile ambalo halijaisha. Dawa inarundikana kwenye damu na kupanda kichwani. Tafiti nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika zimekuta watu wa namna hiyo ni kati ya mmoja kwa kumi na mmoja kwa watano. Wazungu, ambao dozi ya miligramu 600 ilipangwa kwa kuwatazama wao zaidi, wana wachache kuliko hao.

Collen Masimirembwa, mwanasayansi wa Zimbabwe aliyeanzisha taasisi ya AiBST mjini Harare, na wenzake walichapisha matokeo ya namna hiyo kwa wagonjwa wa Zimbabwe mwaka 2008, wakaonyesha kwamba wenye jeni ya pole wangetosheka na dozi ndogo. Mwaka 2015 nchi hiyo ikaifanya efavirenzi kuwa dawa yake kuu, kwa dozi ileile kwa wote, na malalamiko yakafuata. Kwetu hadithi ni hiyohiyo. Watafiti wa MUHAS, wakishirikiana na wa Addis Ababa na wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi, akiwemo Mwethiopia Eleni Aklillu, waliwalinganisha wagonjwa Watanzania na Waethiopia waliotumia efavirenzi. Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi kwenye damu, na tofauti ilibaki hata walipolinganishwa watu wenye jeni moja ya CYP2B6. Kwa madhara ya ini ikawa kinyume: Waethiopia ndio walioumia zaidi. Nchi mbili za ukanda mmoja, kidonge kimoja. Kwa upande wa Tanzania, utafiti huo umefanyika Dar es Salaam. Mwongozo wa CTC haukubadilika kwa ajili yake.

Mwaka 2014 utafiti wa ENCORE1 ukaonyesha kwamba miligramu 400 zinafanya kazi sawa na 600. Kisha ikaja dolutegraviri, na efavirenzi ikawekwa pembeni. Tulipumua, nakiri. Lakini tulibadilisha dawa bila kujibu swali, na swali likatufuata kwenye dawa mpya. Mwaka 2020 madaktari wa Kampala, kwenye Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza pale Mulago, walichapisha kuhusu wagonjwa waliopandwa na sukari kwa kiwango cha hatari baada ya kuhamishiwa dolutegraviri, jambo ambalo majaribio ya ng'ambo hayakuwa yameliweka mbele. Madaktari wale waliona kwa sababu walikuwa wanatazama na walikuwa na mahali pa kuandika. Natamani kila hospitali ya wilaya ingekuwa hivyo.

Kwenye kodeini, mashine hiyohiyo inafanya kazi kinyume. Kodeini yenyewe haitulizi maumivu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, kwa kimeng'enya cha CYP2D6. Mwenye mashine ya pole hapati unga: anameza na maumivu yanabaki. Mwenye mashine ya kasi kupita kiasi anapata mofini nyingi kwa mara moja, na mtoto anaweza kuacha kupumua. Ndiyo sababu mwaka 2017 Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa watoto wa chini ya miaka 12. Mwaka 1996 ilichapishwa kwamba karibu asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na jeni za kasi hiyo. Upande wa pili, toleo la pole liitwalo CYP2D6*29 lilielezwa kisayansi mwaka 2001 kutokana na damu ya Watanzania. Limo kwenye orodha za dunia nzima. Lakini kijana wa selimundu anayelia usiku wodini akisema kodeini haimsaidii bado anaambiwa anajifanya, au ameshazoea dawa za kulevya.

Sasa nifike mahali ambapo naogopa kueleweka vibaya. Sisemi tuwe na dozi ya Mmaasai na dozi ya Mluhya. Mungu apishe mbali. Ukanda huu unajua kabila likiandikwa kwenye karatasi ya serikali linaweza kutumiwa kwa nini; vitambulisho vya Rwanda kabla ya 1994 vinatosha. Na hata kisayansi, kabila ni kipimo kibovu. Hao asilimia 13 wa Kinyawa maana yake ni kwamba wengi mno kati yao hawana alama hiyo na wanaweza kunywa abakaviri bila shida. Na mtoto wa mama Mmaasai na baba Mchaga, anayejiandikisha Mchaga shuleni Moshi, anaweza kuwa nayo. Takwimu za jamii zinatusaidia kujua tupeleke vipimo wapi kwanza. Kumhukumu mgonjwa mmoja kwa jina la ukoo wake ni kazi ya uvivu.

Marekani walijaribu njia hiyo ya mkato. Mwaka 2005 waliidhinisha dawa ya moyo iitwayo BiDil kwa wagonjwa wanaojitambulisha kuwa weusi, rangi ikachukua nafasi ya kipimo, na mabishano yake hayajaisha mpaka leo. Njia ya kununua vipimo vya wengine nayo ina shimo lake. Mwaka 2013 utafiti wa COAG ulijaribu kupanga dozi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kutumia jeni. Kwa wagonjwa weusi kanuni hiyo ilifanya vibaya kuliko kukadiria kwa njia ya kawaida, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kipimo kiliangalia matoleo ya jeni yanayopatikana kwa Wazungu na kuyaacha yale yaliyozoeleka kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo, akija muuzaji na boksi lenye maandishi mazuri akawaambia hiki ndicho kipimo cha tiba ya kisasa, muulizeni kwanza: orodha yenu ya jeni mliitoa kwa damu ya nani?

Na waliofanikiwa wapo, wala si matajiri wote. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waligundua kwamba Wachina wenye alama ya HLA-B*15:02 wakitumia karbamazepini, dawa ya kifafa, huweza kubabuka ngozi mwili mzima. Wakawapima karibu watu 5,000 kabla ya kuanza dawa, wenye alama wakapewa dawa nyingine, na hakuna aliyebabuka. Bima ya taifa ya Taiwan ikaanza kulipia kipimo hicho, na Thailand nayo ikakiingiza kwenye mfumo wake wa afya kwa wote. Hawakusubiri mtu wa Ulaya awagundulie tatizo ambalo Ulaya halipo.

Sisi pia si wageni wa kazi hii. Majaribio ya tiba fupi ya kifua kikuu yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitoka 1972, ndiyo yaliyoifundisha dunia kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita. Wagonjwa wetu walitoa damu, makohozi na muda wao, na dunia nzima ikafaidika.

Ninachoomba kifanyike hakihitaji jengo jipya. Kwanza kabisa nataka matone ya damu. Mgonjwa anapopata madhara makubwa ya dawa, tunajaza fomu ya manjano. Fomu inasema umri, jinsia, dawa, dalili, na mara nyingi hadithi inaishia hapo. Wakati huohuo, kliniki nyingi za mama na mtoto zina karatasi za DBS, yaani za matone ya damu yaliyokauka, za kupimia VVU kwa watoto wachanga, na zina usafiri wa kuzipeleka maabara. Agizeni kwamba kila fomu ya manjano yenye madhara makubwa iambatane na karatasi moja ya matone ya damu, kwa ridhaa ya mgonjwa au mzazi, ihifadhiwe kwenye maabara ya taifa. Damu iliyokauka kwenye karatasi hutunza vinasaba kwa miaka. Baada ya muda mtakuwa na hazina kubwa, na siku atakapofariki mtoto wa pili kwa dalili zilezile mtaweza kurudi nyuma na kuuliza.

Mamlaka za dawa zina mpango wa pamoja wa Jumuiya wa kutathmini dawa, uliozinduliwa hapa Arusha mwaka 2012. Tumieni huo. Kwa kila dawa ambayo jeni inayoathiri matumizi yake tayari inajulikana, mwombaji alete takwimu za watu wa ukanda huu, au asajiliwe kwa sharti la kuzikusanya ndani ya muda mliompa. Nchi moja ikidai peke yake, kampuni itaenda kwa jirani. Nchi nane zikidai kwa sauti moja, italeta.

Kuhusu abakaviri, msisubiri. Pimeni HLA kwa watoto wote wanaoanza dawa katika wilaya za mpakani kwa miaka michache, wote bila kuuliza kabila, kisha mwamue kwa majibu mtakayoyapata. Ikidhihirika takwimu ya Kinyawa ilikuwa kubwa mno, tutakuwa tumepoteza vipimo kadhaa na kupata usingizi. Na kipimo cha haraka cha G6PD, kinachotoa jibu kwa dakika chache kwa tone la damu la kidoleni, kiwepo katika kila hospitali ya wilaya inayotoa dapsoni.

Sampuli zibaki hapa. Zikitoka, zitoke kwa mkataba unaosomeka, na majibu yarudi kwa lugha ambayo mama aliyetoa damu ya mwanawe anaielewa. Watu wa Kinyawa na Webuye wangestahili kuwa wa kwanza kuambiwa kilichoonekana kwenye damu yao.

Mawaziri, mnacho kikao chenu cha kisekta cha afya cha Jumuiya. Naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na kila mamlaka ya dawa ije na jibu la swali moja la maandishi: ni dawa zipi kwenye orodha yake ya dawa muhimu ambazo jeni ya kuziathiri inajulikana, na kwa kila moja, ni utafiti gani umefanyika kwa watu wa nchi yake. Orodha hiyo mfamasia mmoja makini anaweza kuiandaa kwa wiki mbili. Nikiombwa kusaidia kuiandaa, nitaomba ruhusa kwa mwajiri wangu na nitakuja.

Wenu katika huduma,

Mfamasia,
Arusha